Chai ya mboji hupita kwenye pampu mara ngapi? Uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Shamba linalozungumziwa hapa lina miti ya matunda pamoja na kitalu cha miche. Jina lake, mahali lilipo na kila jambo linaloweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Mwenye shamba alikuwa na mazoea ya kutengeneza chai ya mboji, yaani maji yenye vijidudu vya mboji ya kunyunyizia majani na udongo, kwa njia ya kupuliza hewa: mboji iliyoiva hutiwa mfukoni, mfuko huning'inizwa ndani ya tangi la maji, na hewa hupulizwa kutoka chini kwa saa 24 hadi 36 ili vijidudu vilivyoshikamana na mboji vibanduke na kuzaliana bila kukosa oksijeni. Maji yalipulizwa hewa kwanza hadi klorini ikatoka. Chakula kilichoongezwa kilikuwa asidi humiki na unga wa mwani, kwa kuwa lengo lilikuwa kupata chai yenye kuvu nyingi, na molasi, ambayo huwanufaisha zaidi bakteria, iliachwa.

Lengo hilo ndilo lililolipa swali la pampu uzito wake. Bakteria ana upana wa takriban maikromita 1 (sehemu ya elfu moja ya milimita), na si rahisi kwa pampu ya kawaida ya shambani kumpasua. Uzi wa kuvu nao una kipenyo cha maikromita 2 hadi 10 hivi, lakini urefu wake unaweza kufika milimita nzima, na kwa hiyo kila mahali maji yanapobanwa na kuongezwa kasi kwa ghafla, ncha moja ya uzi huvutwa kwa kasi kuliko nyingine na uzi hukatika. Nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni, ambao wengi wao wana urefu wa kati ya theluthi moja ya milimita na milimita moja, hukutana na shida hiyohiyo. Anayetengeneza chai ya bakteria peke yake anaweza kusoma kisa hiki bila wasiwasi, maana sehemu kubwa ya usumbufu unaosimuliwa humu haimhusu.

Mtambo wa kunyunyizia uliokuwapo ulikuwa na tangi la lita 400 na pampu ya sentrifuga, yaani ile ambayo panga zake huzunguka kwa kasi na kuyatupa maji pembeni. Iliendeshwa kwa injini ya petroli, ikatoa takriban lita 150 kwa dakika. Fimbo ya kunyunyizia yenye nozeli nne (vidomo vyenye tundu dogo vinavyogeuza maji kuwa matone) ilitumia kiasi cha lita 10 tu kwa dakika, kwa presha ya bari 4. Maji yaliyozidi yalirudi tangini kupitia vali ya kurudishia, na watu wa shamba waliisifu njia hiyo kwa sababu mkondo uliorudi ulikoroga tangi na kuzuia mashapo kutuama.

Tatizo lilivyojitokeza

Msimamizi wa shamba, aliyekuwa amejifunza kutumia hadubini, alizoea kuchungulia tone la chai kila tangi lilipoiva. Safari moja alikinga pia tone kutoka kwenye nozeli. Tone la tangini lilikuwa na nyuzi ndefu za kuvu na nematodi waliokuwa wakijipinda bila kutulia. Tone la nozeli lilikuwa na vipande vifupi vya nyuzi, vingine vikiwa wazi kwenye ncha zote mbili, na nematodi wachache ambao wengi wao walikuwa wamenyooka na kutulia tuli.

Mwenye shamba alihitimisha kuwa pampu inaua, akaomba ushauri wa jambo moja tu: ni pampu gani ya upole anunue. Moyo wake ulikuwa tayari umeelekea kwenye pampu ya kukamua mpira, ambayo magurudumu yake hubinya mpira laini na kuyasukuma maji mbele kidogokidogo, kwa kuwa sifa zake za kutodhuru vitu hai zinajulikana sana.

Uamuzi wa kwanza: kupima kabla ya kununua

Ushauri tuliompa ulikuwa kusubiri. Tone la nozeli linaonyesha kwamba kuna madhara, ila halionyeshi yametokea wapi, na kati ya tangi na nozeli kulikuwa na sehemu zaidi ya tano ambazo zingeweza kuwa na hatia. Tulikubaliana kuchukua sampuli mahali panne: tangini kabla ya kuwasha injini, tangini tena baada ya nusu saa ya kunyunyizia, mwishoni mwa mpira (fimbo ikiwa imefunguliwa na kutolewa), na baada ya nozeli.

Mambo mawili ya utaratibu yanastahili kuelezwa, kwa sababu bila hayo kipimo chote kingepotosha. La kwanza ni chupa ya ulinganisho. Chai isiyopulizwa hewa tena huanza kubadilika yenyewe, kwani vijidudu vyake huendelea kula oksijeni, kwa hiyo chupa moja ya chai ileile iliachwa kivulini bila kupitishwa popote na ikakaguliwa mwishoni. Ikiwa nayo imedhoofika, pampu haina kosa. La pili ni namna ya kukinga maji ya nozeli. Ukiweka kikombe mbele ya mkondo, unavunja nyuzi kwa kuzigonga ukutani, kisha unailaumu nozeli. Sampuli ilikingwa ndani ya ndoo pana iliyolazwa, nozeli ikiwa mbali kiasi cha mkono mmoja, na matone yakaachwa yatiririke taratibu hadi chini. Sampuli zote zilizimuliwa kwa kiwango kimoja na kukaguliwa na mtu mmoja, ambaye hakuambiwa ipi imetoka wapi.

Chupa ya ulinganisho ilikuwa nzima. Sampuli ya pili ya tangini, ambayo ilikuwa imepita kwenye pampu na kurudi bila kufika kwenye nozeli, ilikuwa na nyuzi zilizokatika kwa wingi na nematodi waliolegea. Jambo hili liliwashangaza wahusika, lakini hesabu yake ni nyepesi. Pampu ilisukuma lita 150 kwa dakika na nozeli zikachukua lita 10, kwa hiyo kila tone lililopita kwenye pampu lilikuwa na nafasi moja tu kati ya 15 ya kutoka nje. Mara nyingine zote lilirudi tangini kusubiri zamu nyingine. Kwa wastani kila tone lilipita kwenye panga mara 15 kabla ya kulifikia jani, na kila liliporudi lilishushwa kutoka bari 4 hadi sifuri ndani ya tundu jembamba la vali ya kurudishia. Ukubwa wa tangi haubadilishi hesabu hiyo hata kidogo.

Kipimajoto kiliongeza habari nyingine. Nguvu ya injini inayozungusha maji yaleyale haina pa kwenda ila kuwa joto, na kadiri tangi linavyopungua ndivyo joto hilo linavyogawanywa katika maji machache zaidi. Chai iliyoanza ikiwa nyuzi 24 za Selsiasi ilifika nyuzi 32 tangi lilipokaribia kuisha. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, wakati huohuo vijidudu huitumia kwa kasi zaidi, na nematodi wengi hudhoofika joto linapopita nyuzi 30. Miti iliyonyunyiziwa mwisho ilikuwa ikipata chai tofauti kabisa na ile ya miti ya kwanza.

Hadi hapo ilionekana kwamba pampu imepatikana na hatia. Hata hivyo sampuli ya tatu na ya nne zilitofautiana kupita kiasi: mwishoni mwa mpira bado kulikuwa na nyuzi, ingawa zimekatika, na baada ya nozeli karibu zote zilikuwa zimetoweka. Presha peke yake haikutosha kueleza upotevu huo. Msimamizi alipofungua nozeli ya kwanza, ndani yake mlikuwa na kichujio kidogo cha silinda, chenye matundu ya takriban maikromita 150, kilichofunikwa kwa utando wa rangi ya kahawia, mzito na wenye utelezi. Tulipoweka kipande cha utando huo chini ya hadubini, kulikuwa na nyuzi za kuvu zilizosukwa pamoja na vumbi la mboji. Nozeli nyingine tatu zilikuwa hivyohivyo. "Fimbo ilikuja navyo," alisema msimamizi, "hatujawahi kuvifungua." Sehemu nzuri ya kuvu zilizolengwa majani ilikuwa ikiishia humo.

Laiti pampu mpya ingenunuliwa siku ya kwanza, ingefungwa kwenye vichujio vilevile.

Pampu zilizofikiriwa

Kabla ya kuziorodhesha pampu, tuliligawa swali. Chai iliyokusudiwa udongo wa kitaluni na mashina ya miti haikuhitaji pampu yoyote. Tangi likiinuliwa mita 2 hutoa presha ya takriban kilopaskali 20, ambayo ni ndogo sana kwa nozeli lakini inatosha kwa mpira mpana wenye kichwa cha mashimo makubwa kama cha keni ya kumwagilia. Kazi hiyo ilihamishiwa kwenye jukwaa la mbao, na zaidi ya nusu ya chai yote ikawa imeondolewa kwenye tatizo. Ilibaki ile ya majani.

Pampu ya kukamua mpira, aliyoitaka mwenye shamba, ni ya upole kweli: haina vali, haina panga, na inavumilia uchafu pamoja na kukauka. Tatizo lake lilikuwa mtiririko. Saizi iliyoweza kutoa lita 10 kwa dakika kwa bari 2 ilikuwa kubwa na nzito kupita kiasi kwa mkokoteni unaosukumwa kati ya miti, na mpira wake ni sehemu inayochakaa, ambayo lazima ibadilishwe kabla haijapasuka kazini. Pampu ya skrubu, ambayo chuma kilichojipinda huzunguka ndani ya ala ya mpira, nayo hupeleka maji kwa utulivu. Lakini ikiendeshwa bila maji, hata kwa dakika chache, ala hiyo huungua, na tangi la kunyunyizia huisha kila siku. Wazo la kuondoa pampu na kulisukuma tangi kwa hewa iliyoshindiliwa lilikataliwa mara moja. Tangi lililokuwapo lilikuwa la plastiki, halikuundwa kubeba presha, na chombo cha namna hiyo kikipasuka kinaweza kuua mtu.

Iliyochaguliwa ni pampu ya kiwambo ya umeme wa betri, yenye vyumba vinne na swichi ya presha. Kiwambo chake hupanda na kushuka, kikivuta maji na kuyasukuma, bila kitu chochote kinachozunguka ndani ya maji. Vali zake huuma nyuzi kiasi, na kwa mpito mmoja ni dhahiri kwamba pampu ya kukamua mpira ingeishinda. Kilichoamua ni swichi: presha ikifika kiwango kilichowekwa, mota husimama yenyewe badala ya kurudisha maji tangini. Vali ya kurudishia haipo, kwa hiyo kila tone hupita mara moja na kutoka.

Pamoja na pampu, presha ilishushwa kutoka bari 4 hadi 2. Katika bari 4 maji hutoka kwenye tundu la nozeli kwa kasi inayokaribia mita 28 kwa sekunde. Katika bari 2 kasi hiyo ni mita 20. Hatukushusha zaidi, kwa sababu nozeli iliyochaguliwa, yenye tundu la milimita 2, ingeanza kutoa matone makubwa yanayoteleza na kudondoka kwenye jani. Hapa inafaa kusema kwamba hofu ya presha mara nyingi hutiwa chumvi. Nematodi wanaouzwa kwa ajili ya kuua wadudu hunyunyiziwa kwa mitambo ya kawaida, na aina kadhaa zao zimepimwa zikastahimili hadi bari 20. Presha tuli haimkandamizi kiumbe aliyejaa maji. Kinachomdhuru ni mvuto wa ghafla kwenye tundu jembamba, hasa ukirudiwa.

Vichujio vya nozeli viliondolewa vyote.

Kilichotokea baadaye

Sampuli za nozeli zilizofuata zilikuwa na nyuzi ndefu, si nyingi kama za tangini lakini za kuonekana bila kutafutwa, na nematodi wengi walikuwa wakijipinda. Joto la tangi halikupanda zaidi ya lile la hewa ya siku. Kazi ilichukua muda uleule kwa sababu kiasi kilichonyunyiziwa kwa dakika hakikubadilika, na kelele ya injini ilikwisha, jambo ambalo wafanyakazi walilifurahia kuliko yote.

Kisha pampu ikaanza kulegea. Mota iliendelea kuzunguka lakini mkondo ukapungua, na siku nyingine ukakatika kabisa. Ilipofunguliwa, chini ya vali mbili palikuwa na nyuzi za katani: mfuko wa kulowekea mboji ulikuwa wa gunia, ulianza kuchanika kwenye mshono, na uzi mmoja mwembamba unatosha kuizuia vali ya mpira isifunge. Pampu ya sentrifuga ilikuwa ikizipitisha nyuzi hizo bila kulalamika. Kwa kuondoa vichujio vya nozeli tulikuwa tumeondoa pia kinga ya nozeli, na mbele ya pampu hapakuwa na kinga nyingine iliyofaa.

Suluhisho la haraka la wafanyakazi lilikuwa kufunga kichujio cha matundu madogo upande wa kuvutia wa pampu. Siku hiyohiyo pampu ilianza kutoa mlio mkali kama wa changarawe. Pampu inayonyimwa maji upande wa kuvutia hushusha presha hadi viputo vya mvuke hujitokeza ndani yake, na viputo hivyo vinapopasuka huumiza kiwambo na kila kilicho hai jirani. Kichujio kilitolewa. Badala yake chujio pana la matundu ya maikromita 400 liliwekwa kwenye mdomo wa tangi, ili chai ichujwe kwa uzito wake inapomiminwa kutoka kwenye tangi la kuivishia; chujio lenye eneo kubwa haliiongezi chai kasi, na nyuzi za kuvu pamoja na nematodi hupenya. Upande wa kuvutia ulibaki na wavu mpana tu, mpira wake ukabadilishwa kutoka milimita 13 hadi 25, na pampu ikashushwa chini ya tangi ili maji yaifuate yenyewe. Mfuko wa gunia ulibadilishwa kwa wa nailoni iliyofumwa.

Kero ndogo iliyobaki ilikuwa ya swichi. Mfanyakazi alipofunga nozeli mbili ili kunyunyizia mti mdogo, mota iliwaka na kuzimika mfululizo. Chupa ndogo ya kuhifadhi presha, iliyofungwa baada ya pampu, ilimaliza jambo hilo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kupima mahali panne badala ya pawili. Sampuli ya tangi na ya nozeli peke yake zingekuwa sahihi na bado zingetupeleka kwenye duka la pampu, kwa sababu huficha kwamba hasara ilikuwa na vyanzo viwili visivyohusiana: mzunguko wa kurudi na vichujio. Cha pili kingeweza kuondolewa kwa bisibisi. Kama muda ungerudi, ningeanza na vichujio hata kabla ya hadubini, kwa kuwa kuvifungua hakuhitaji ujuzi wowote.

Kuhusu pampu yenyewe, kisa hiki kinanifanya nitilie shaka orodha zinazozipanga pampu kuanzia ya upole hadi ya ukatili. Orodha hizo hulinganisha mpito mmoja. Shambani, pampu ya upole wa wastani inayopitisha tone mara moja huishinda pampu ya upole mkubwa inayolizungusha, na kigezo cha kwanza cha kuuliza ni mtiririko wa pampu ukigawanywa kwa mtiririko wa nozeli. Jibu likiwa 1 au 2, aina ya pampu ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Likiwa 15, hakuna aina itakayookoa. Hata pampu ya sentrifuga ya zamani ingeweza kuvumilika kama ingekuwa ndogo, inatoshana na nozeli zake, na haina njia ya kurudishia. Faida iliyosifiwa ya kukoroga tangi ilipatikana baadaye kwa jiwe la hewa na kipulizio kidogo, ambavyo pia huendelea kuipa chai oksijeni wakati wa kazi.

Kilichoshindwa ni kuutazama mtambo mzima wakati wa mabadiliko. Pampu ya kiwambo ina udhaifu unaojulikana, nao ni vali kushikwa na uchafu, na kuondolewa kwa vichujio bila kuhamishia uchujaji mahali pengine kulifanywa kwa pupa. Upole na usafi hugongana: matundu madogo hulinda pampu na kunyima kuvu njia. Mgongano huo hutatuliwa kwa eneo, yaani chujio pana mahali ambapo maji yanakwenda polepole, na nafasi hiyo ipo wakati wa kujaza tangi peke yake.

Upungufu mkubwa zaidi unahusu mimea. Mwenye shamba aliona majani yenye afya zaidi msimu huo, na ana haki ya kufurahi, lakini hakukuwa na mstari wowote wa miti ulioachwa bila chai, wala mstari ulioendelea kupata chai ya pampu ya zamani. Tafiti kuhusu uwezo wa chai ya mboji kuzuia magonjwa ya majani zimetoa majibu yanayopingana, na kisa hiki hakiongezi uzito upande wowote. Kilichoonyeshwa ni kwamba viumbe waliotengenezwa tangini walifika kwenye jani wakiwa hai. Kwa msimu unaofuata mistari miwili imetengwa, mmoja kwa maji matupu na mwingine kwa chai iliyozungushwa nusu saa na pampu ya sentrifuga, ambayo bado ipo shambani na hutumika kuhamisha maji.